Kidole Gumba cha Binti Yangu

Mama yangu alikuwa anaanzia kidole kidogo. Anakaa mkekani, miguu ameinyoosha, anauchukua mkono wa mtoto na kuulaza juu ya paja lake kiganja kikiangalia juu, kisha anakibana kile kidole cha mwisho taratibu na kuanza kuimba. Sisi watoto wake sita tulipita wote kwenye paja lile, kijijini kwetu upande wa Magu, miaka ya pamba nyingi na miaka ya pamba haba. Wimbo ulikuwa wa Kisukuma, na una mwendo ambao Kiswahili changu hakiufikii, lakini maneno yake yalikuwa kama hivi:

Huyu mdogo kaenda kisimani,
huyu wa pili kamfuata na kibuyu,
huyu mrefu kaona mvua inakuja,
huyu wa nne kaonyesha njia ya nyumbani.

Hapo vidole vinne vimekwisha. Kinabaki kidole gumba, na hicho hakikuwa na maneno. Kilikuwa cha mtoto mwenyewe. Sijui kama koo nyingine zilifanya hivyo, mimi nasema ya nyumbani kwetu. Kwanza ulitakiwa uimbe vile vidole vinne peke yako, kwa mkono wako mwenyewe, bila kuruka na bila kusaidiwa. Ukishaweza, mama alianza kukuangalia. Wiki, miezi, hata mwaka. Alikuwa anasubiri ufanye jambo ambalo ni lako kweli, ambalo hukutumwa wala hukuiga. Halafu siku moja, bila shamrashamra yoyote, unabanwa kidole gumba na kuimbiwa mstari ambao hakuna mtoto mwingine aliyewahi kuimbiwa.

Wangu ulisema hivi: na huyu mnene alimfunika kuku mvua isimpige. Nilikuwa nimetumwa kuanua mpunga, mvua ikanikuta njiani, na beseni nililopaswa kujikinga nalo nilimfunikia kuku mwenye vifaranga. Mama alinikuta nimechuchumaa kando ya beseni, nimelowa chapachapa. Alinigombeza sana kwa ajili ya mpunga. Siku mbili baadaye akanipa kidole changu. Dada yangu mkubwa, ambaye tangu utoto hakuogopa mtu, wake ulisema alimnyima mgeni kiti cha baba. Mpaka leo tukigombana namkumbusha.

Hakuna aliyetuambia kwamba tunafundishwa. Lakini nilipofika darasa la kwanza nilikuwa najua kuhesabu, najua kwamba jambo lina mwanzo na linalofuata, najua kusubiri zamu yangu, na vidole vyangu vilikuwa vimeshazoea kutembea kimoja kimoja, kwa hiyo penseli haikunitesa. Nilidhani nimezaliwa na akili. Nilitembea na dhana hiyo miaka mingi, na ndiyo iliyoniponza.

Nilipokuwa mtu mzima nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya pamba mjini Mwanza. Tulipanga vyumba viwili Mirongo, na mume wangu alikuwa fundi kwenye kivuko cha Kigongo, anakuja Jumamosi na kuondoka Jumapili jioni ananuka dizeli. Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilifunguliwa. Mitumba ilijaa hadi barabarani, sangara walikuwa wanapanda ndege kwenda Ulaya na sisi tunabaki na mapanki, vichwa na mifupa yake, na wanunuzi binafsi wa pamba waliingia vijijini na magari yao mapya. Ofisini kwetu ikaanza kupunguza watu. Najua vizuri, kwa sababu barua za kuwapunguza nilizichapa mimi. Nilikuwa nachapa jina la mtu ninayekunywa naye chai saa nne, na saa nne hiyo hiyo nakunywa naye chai na kunyamaza.

Niliona jambo moja, au nilidhani nimeliona. Wale wageni wa kampuni mpya walikuja na makaratasi ya Kiingereza, na waliokuwa wanaitwa kukaa nao mezani ni wale wachache walioweza kuwajibu. Wengine wote, mimi nikiwamo, tulipitisha sahani za karanga. Nikaapa kwamba binti yangu hatapitisha karanga. Alikuwa na miaka minne, na ndiye mtoto pekee niliyejaliwa.

Wakati huo mama alikuwa amekuja kukaa nasi ili amlee. Baba alishafariki, shamba lilikuwa mikononi mwa dada. Mama hakuupenda mji. Alisema maji ya mto Mirongo yanamtia kichefuchefu, na mawe ya Mwanza yamekaa vibaya, kama yataanguka wakati wowote. Lakini alimpenda mjukuu wake kupita kiasi. Walikuwa wanaitana mke mwenzangu. Nikirudi kazini nawakuta uani, ungo wa mchele katikati yao, wanachambua mawe huku wanaimba. Kila jiwe lilikuwa na neno lake, kila mdudu alikuwa na kisa chake. Mchele unaochambuliwa hivyo unachukua nusu siku, na mimi nimerudi na njaa. Nilikasirika mara nyingi kwa ajili ya mchele ule.

Binti yangu alishika vidole vinne upesi kuliko sisi wote. Aliimba akioga, aliimba akiwa chooni. Kisha akaanza kudai.

"Bibi, kidole changu?"

"Bado, mke mwenzangu. Nakuangalia."

"Unaangalia nini?"

"Nikijua nitakuangalia cha nini?"

Mtoto anacheka, anarudia tena kuanzia kidole kidogo. Kila siku mazungumzo yalikuwa hayo hayo, na mimi niliyasikia nikiwa jikoni na sikuyatia maanani.

Kulikuwa na shule mpya ya watoto wadogo, ya mtu binafsi, kule juu kwenye nyumba zenye mageti. Watoto walivaa soksi nyeupe mpaka magotini na kuimba nyimbo za Kiingereza kuhusu theluji. Mke wa bosi wangu ndiye aliyenieleza kwamba wanafanya usaili. Nilimshonea mtoto gauni, nikamsuka mistari iliyombana macho, nikaomba ruhusa kazini. Mama akampaka mafuta mpaka akang'aa.

Tuliingia chumba cha mwalimu mkuu pamoja na mama mwingine na mwanawe, maana tulisailiwa wawili wawili. Yule mtoto mwingine alihesabu mpaka kumi kwa Kiingereza, ananyonya shati. Zamu yetu ikafika. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke mpole, namkumbuka hivyo ingawa ningependa kumkumbuka vingine. Akainama, akamwambia binti yangu kwa Kiswahili, "Haya mama, nihesabie mpaka tano."

Binti yangu akauinua mkono, kiganja juu, kama alivyofundishwa. Akabana kidole kidogo. Akaimba. Aliimba vizuri, na sauti yake ilikuwa haitetemeki hata kidogo. Kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Kisha akasimama.

"Na hiki?" mwalimu akauliza, akigusa gumba.

"Hicho bado. Bibi hajanipa."

Yule mama mwingine aliangua kicheko. Mwalimu mkuu alitabasamu tu, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaniuliza nyumbani tunaongea lugha gani. Nikasema Kiswahili. Akasema, "Anaishia nne. Na hizi nyimbo za shamba zitamchelewesha, mama. Punguzeni. Mleteni tena baada ya miezi mitatu."

Ningeweza kusema. Ningeweza kueleza kwamba mtoto huyu anajua tano, anajua na kumi, anahesabu mawe ya mchele mpaka ungo unaisha. Hakuishia nne kwa kutokujua. Aliishia nne kwa uaminifu, kwa sababu cha tano hakuwa amepewa, na yeye hachukui asichopewa. Mtoto wa miaka minne! Leo nikikutana na mtoto wa namna hiyo nampigia magoti. Lakini siku ile nilikuwa na aibu mpaka masikioni, na yule mama wa pili bado alikuwa anajifuta machozi ya kicheko. Nikasema, "Nimeelewa, mwalimu. Asante sana." Nikamshika mtoto mkono, na nilimshika kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Tulipofika nyumbani mama alikuwa mlangoni anasubiri habari njema, amejifunga kitenge chake cha kanisani.

"Mama," nikamwambia, hata viatu sijavua, "kuanzia leo sitaki nyimbo hizo humu ndani. Umemchelewesha mtoto. Watu wamemcheka kwa ajili yako."

Kwa ajili yako. Nilisema hivyo kwa mama aliyenizaa. Mama aliniangalia, akamwangalia mjukuu wake. Nilitegemea anijibu, maana alikuwa na ulimi mkali akitaka, na nafikiri nilitamani anijibu ili tugombane yaishe. Akasema tu, "Sawa, mwanangu. Mimi najua hizi tu, lakini sawa." Akaenda uani kuanua nguo.

Nilinunua kaseti ya nyimbo za Kiingereza na picha kubwa ya kubandika ukutani, yenye matunda ambayo hayajawahi kuota popote ninapopajua. Jioni nikitoka kazini nilikaa na binti yangu kwenye kochi, nikamkaririsha wani, tuu, thrii. Akihesabu kwa vidole alianzia kidogo, nami namrudisha aanzie kwingine. Aliweza. Mtoto yule angeweza chochote. Lakini aliacha kuuliza maswali ya uongo na kweli, aliacha kuimba akiwa chooni, na nyumba yangu ikawa na utulivu ambao niliuita nidhamu. Mama alichambua mchele kimya, na mchele ukawahi kuiva. Mume wangu akija Jumamosi aliuliza, "Mbona humu kumepoa?" Nikamjibu kwamba tunasoma.

Baada ya miezi mitatu alisailiwa tena, akahesabu mpaka ishirini kwa Kiingereza bila kuangalia mkono wake hata mara moja, na akapokelewa. Nilimnunulia soksi nyeupe. Wiki ile ile mama akasema mvua zimekaribia, anataka kwenda kumsaidia dada kupanda. Sote tulijua kwamba dada ana watoto wakubwa wa kumsaidia. Sikumzuia. Moyoni nilikuwa nashusha pumzi, na hilo ndilo linaloniuma kuliko maneno niliyoyasema mlangoni, kwa sababu maneno yalikuwa ya hasira, na kushusha pumzi nilishusha nikiwa nimetulia.

Tulimsindikiza stendi ya mabasi. Mguu wake mmoja ukiwa tayari juu ya ngazi, binti yangu alimnyooshea mkono, kiganja juu. Mama akashuka tena. Akauchukua ule mkono, akaniangalia mimi, kisha akakikunja kidole gumba ndani ya kiganja na kukifunika na vile vinne, kimoja kimoja, akianzia kidogo. Akaupapasa mkono uliofumbwa, akapanda basi. Nilidhani anamuaga tu.

Mimi mwenyewe nilipunguzwa kazi mwaka uliofuata. Barua yangu aliichapa mwenzangu, tukanywa chai ya saa nne, naye akanyamaza kama nilivyokuwa nanyamaza mimi. Kiingereza hakikuhusika hata kidogo: waliojua na wasiojua tuliondoka mlango mmoja. Binti yangu alikaa katika shule ile mwaka mmoja na nusu, kisha tukamhamishia shule ya serikali kama watoto wengine wa mtaa, na soksi nikazifanya vitambaa vya kushikia sufuria.

Baadaye kanisani kwetu waliomba mtu wa kusaidia darasa la chekechea asubuhi, nami nilikuwa nyumbani sina kazi, nikaenda. Huko ndiko nilikofunguka macho, nimechelewa. Walikuwa watoto thelathini na kitu kwenye mikeka. Nilichukua wiki mbili tu kujua, bila kuuliza, nani analelewa na bibi anayeimba na nani anakaa na redio. Wa bibi walijua kungoja. Walijua mkono wa kulia na wa kushoto, walijua kwamba baada ya tatu kuna kitu kinakuja, na wakipewa chaki waliishika kama kitu kinachovunjika. Wale wengine hawakuwa na akili pungufu. Hakuna aliyewahi kuwashika vidole, basi. Nikaanza kuwaimbia vile vidole vinne vya mama kwa Kiswahili changu cha kuungaunga. Walivipenda. Wakifika kwenye gumba wakaniuliza, nami niliwaambia wacheze na wenzao.

Sikuweza kuwapa watoto wa watu kitu nilichomnyima wangu. Mara ngapi nilipanga kwenda Magu kumwambia mama hivyo? Magu si mbali. Unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Mama naye alikuja mara kadhaa, kwenye kipaimara, kwenye msiba wa shemeji, tukala, tukazungumza habari za mpunga na za bei ya pamba. Mjukuu wake alimpa shikamoo, akampokea mzigo, akamwekea maji ya kuoga. Alikuwa ameshakuwa mkubwa, hakunyoosha tena mkono. Mara moja nilifungua kinywa. Nikasema, "Mama, unakumbuka ule wimbo..." Akasema, "Upi? Nimeimba nyingi." Angenipa nafasi ya kusema zaidi, nadhani alikuwa ananipa, lakini nikamuuliza kama anataka chai.

Alifariki msimu wa kuvuna, dada akiwa naye. Baada ya mazishi tulikaa uani sisi wanawake kuchambua mchele wa kupikia waombolezaji, na dada akaanza kuimba taratibu vidole vya wajukuu. Mama katika miaka yake ya mwisho alikuwa anafanya hivyo akishika ungo: anaanza na mjukuu wa kwanza, vidole vinne halafu gumba lake, anakwenda kwa wa pili, wa tatu, mpaka amewamaliza wote kumi na saba. Dada aliwajua wote. Aliyemrudishia nyoka chura wake. Aliyelala na jembe. Nilihesabu, na nilikuwa najua wa kwangu ni wa kumi na moja. Dada alipofika hapo aliimba vidole vinne, akakunja gumba, akaruka kwenda wa kumi na mbili.

Nikamuuliza. Alitaka kukwepa, yeye ambaye tangu utoto hakuogopa mtu.

"Cha mwanao mama alikuwa nacho," akasema mwishoni. "Nilimbembeleza anitajie. Alisema, kile nilikatazwa."

"Alisema ni mimi niliyemkataza?"

"Alisema tu, nilikatazwa."

Nikaendelea kuchambua mchele. Nilichambua sinia zima, mawe sikuyaona, na jioni waombolezaji walilalamika.

Sasa binti yangu ana mtoto wake, wa mwaka mmoja na miezi. Wanakaa Igoma, nami huenda siku za wiki kumsaidia. Juzi nilifika mapema kuliko kawaida, mlango ulikuwa wazi. Walikuwa chini kwenye mkeka, wamenielekezea ubavu, na binti yangu alikuwa ameulaza mkono wa mtoto juu ya paja lake. Anabana kidole kidogo. Anaimba, lakini kwa kunong'ona, karibu hasikiki, na kwa Kisukuma kile ambacho sikujua kwamba bado anacho. Kisimani, kibuyu, mvua, njia ya nyumbani. Nilisimama palepale na mfuko wa ndizi mkononi. Akafika kwenye gumba.

Akalikunja gumba ndani ya kiganja, akavikunja vidole vinne juu yake. Kisha akaweka kidole chake mdomoni, akasema "shii," akageuka haraka kuangalia mlangoni.

Akaniona, akacheka.

"Aa, mama, shikamoo! Umenishtua. Leo kweli kuna mtu mlangoni!"

"Marahaba. Mnacheza nini?"

"Si ule wimbo wa bibi wa vidole. Tulikuwa tunacheza ukiwa kazini, uani pale Mirongo. Mimi naimba kwa kunong'ona, yeye ananibana." Akauinua tena mkono wa mtoto. "Halafu mwishoni ndiyo hivi, unakunja, unanyamaza, unaangalia mlango. Hapo ndipo mimi nilipokuwa napapenda."

Nikamuuliza kama gumba halikuwa na maneno.

"Hapana," akasema. "Hapo hapakuwa na maneno. Njoo ukae, mama, uone anavyojua."

Nilikuwa bado nimesimama. Akaanza upya kuanzia kidole kidogo, na mtoto, ambaye hata kutembea hajatembea sawasawa, alingoja vidole vinne viishe, akakikunja cha tano mwenyewe, akageuza shingo kuniangalia.